Papa, Sitashika Kikombe Chenye Jina Lako

Mpendwa Papa,

Wiki iliyopita kiwanda chako cha sabuni kilimtuma dereva hapa nyumbani na bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua kwenye ile karatasi nene uliyoipenda, yenye picha ya mikono miwili iliyoinuliwa. Wanasema wataanzisha mashindano ya mpira ya kila mwaka, na kikombe kitaitwa kwa jina lako, “rafiki wa wachezaji na mtetezi wa haki”. Wananiomba mimi, binti yako mkubwa, nikikabidhi Jumapili katika uwanja wa Kadutu. Wamenitengea kiti kando ya mkurugenzi mpya.

Nimekataa. Najua watu wataniuliza, kazini na kanisani, ni mtoto gani huyu anayekataa heshima ya baba yake aliyezikwa hata mwaka haujaisha. Kwa hiyo ninakuandikia wewe, lakini ninaandika mlango ukiwa wazi, kila mtu asome.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Ulinipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka sita. Wenzako wa ofisini walicheka kuona mwanaume amekuja kwenye mpira na msichana aliyevaa gauni la misa. Ukawaambia, “Huyu njo garçon wangu,” yaani mvulana wako, ukanipakata. Ulinieleza offside kwa karanga ulizozipanga juu ya goti lako: hii iko mulinzi, hii iko mushambuliaji, hii iko ile arbitre mbaya. Halafu ukamla yule refa. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, mama akakugombeza, na wewe ukanikonyeza jicho nyuma ya mgongo wake.

Nilipomaliza shule ya masista, uliniingiza katika ofisi ya makatibu pale kiwandani. Wewe ulikuwa mkubwa wa matangazo. Sabuni yetu ilijulikana toka Uvira mpaka Shabunda kwa sababu ya maneno yako. Kila adhuhuri ulipita kwenye meza yangu ukagonga mara mbili kwa pete yako, nami nikajua ni saa ya kwenda kula. Wasichana wengine waliniambia, “Papa yako anakupenda sana.” Nilijua. Hilo halijawahi kuwa swali kati yetu.

Kisha ukaja ule mwaka vyama vingi viliporuhusiwa. Asubuhi ile uliiacha abakosti kitandani, lile koti la serikali lisiloruhusu tai, ukatoa tai kutoka chini ya sanduku, ukashindwa kuifunga kwa sababu vidole vilikuwa vimesahau. Mama alikufungia. Ukanitazama kupitia kioo, macho yakiwa na machozi, ukasema, “Nabintu, sasa batu batasema.”

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Mwalimu Cirhuza. Nawaeleza wasiomjua: alifundisha hesabu shuleni, na jioni aliifundisha timu yetu ya kiwanda, ile ambayo wachezaji wake waliishi kwa mpira. Wengi wao walikuwa wameandikwa kazi kiwandani ili wapate kucheza. Katika mkutano mmoja ambapo tuliambiwa tutoe mawazo bila woga, Mwalimu alisimama akasoma ukurasa mmoja kuhusu askari waliokuwa wakiwapiga akina mama sokoni na kuchukua vitu vyao. Alisoma polepole, kama anavyosoma hesabu. Watu wakapiga makofi. Siku ya pili yake alichukuliwa nyumbani kwake, na hakuna ofisi iliyokubali kwamba inaye.

Jumapili iliyofuata, kabla mpira haujaanza, Murhula, kepteni wa timu, aliinua mikono yake miwili juu, viganja wazi. Wenzake kumi wakafanya hivyo hivyo. Walisimama kimya katikati ya uwanja: hatuna jiwe, hatuna kisu, tunamtaka mtu wetu. Wewe na mimi tulikuwa jukwaani. Mtu mmoja kule kwenye nyasi akainua mikono, kisha wa pili, kisha uwanja mzima. Niliinua yangu. Nikageuka, nikakuona umeinua yako pia, na tai yako imeruka begani. Papa, nilijivunia wewe siku ile kuliko siku zote.

Sikujua ulikuwa unaona nini. Mimi niliona watu. Wewe uliona viganja.

Kesho yake, Jumatatu, mezani uliniuliza, “Ile mikono, ungeiita aje, kwa maneno mbili tu?” Nilijibu bila kufikiri, mdomo umejaa ugali: “Mikono Safi.” Ulicheka kwa furaha ukaandika kwenye kisanduku cha kiberiti. Baada ya muda mfupi mji mzima ulikuwa na maneno yangu: kwenye fulana za wachezaji, kwenye magari ya kiwanda, kwenye vitambaa vilivyoning'inizwa toka Ibanda mpaka Kadutu. MIKONO SAFI, na chini yake kipande cha sabuni yetu. Watu walisema kiwanda kimepata moyo. Akina mama waliacha kununua sabuni nyingine. Padri mmoja aliwaombea wakubwa wetu katika misa.

Murhula hakuwa mjinga. Tulisoma naye, alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alikuja nyumbani Jumamosi moja, akakaa pembeni ya kiti bila kuegemea, akakuuliza, “Papa, siye tuko batu wadogo. Serikali ikitukasirikia, kiwanda kitasimama na siye?”

Uliinuka kwenye kiti chako, ukampa mkono. “Mpaka Mwalimu atoke. Ninakupa parole yangu, neno yangu, mbele ya mutoto wangu.”

Akaniangalia mimi. Nilimwitikia kwa kichwa. Yaani Murhula alikuamini kwa sababu na mimi nilikuamini.

Sasa niseme kile ambacho sijakisema hata kwa mama. Wiki chache baadaye uliniletea karatasi ya mwandiko wako niipige kwa mashine, nakala tatu: moja ya mkurugenzi, moja ya kabati, moja ya ofisi ya gavana. Nilianza kuipiga kama nilivyopiga barua zako zote, vidole vinakwenda mbele ya akili. Uliandika kwamba kampeni ya mikono imefanya kazi yake na sabuni sasa inaongoza madukani. Uliandika kwamba suala la mwalimu aliyefungwa “halikuwa kamwe suala la kampuni”. Kwamba wakubwa wa serikali watahudhuria mechi kubwa ya mwisho wa mwezi, na ni vizuri mikono isiinuliwe siku hiyo. Kwamba wachezaji watakaoendelea wataachishwa kazi. Na kwamba, ili kuonyesha nia njema, kampuni inaambatanisha majina ya viongozi wao.

Majina saba. La kwanza lilikuwa la Murhula.

Nilikuja ofisini kwako na ile karatasi. Ulikuwa unakunywa chai.

“Papa, hii ni nini?”

“Ni papier ya biro, ya ofisi tu. Piga.”

“Lakini majina ya batu yako humu.”

“Majina yao, serikali inayajua tayari. Unafikiri banangoja siye?” Ukatabasamu lile tabasamu la karanga juu ya goti. “Nabintu. Nimeshakukosea siku moja?”

Hukuwa umenikosea siku moja. Nikarudi kwenye mashine, nikaipiga yote, nakala tatu, bila kosa hata moja la herufi.

Siku ya tatu nilikwenda kumtafuta Murhula kwenye ghala la kiwanda, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliuliza tu, “Papa yako njo ameandika, ama walimulazimisha?” Nikasema nimeuona mwandiko, haukuwa wa mtu aliyelazimishwa. Akafuta mikono yake kwenye suruali. “Basi bamejua tayari. Nikiacha sasa, Mwalimu atabaki na nani?”

Mechi ile ya mwisho wa mwezi uliitazama ukiwa kwenye jukwaa la wakubwa, mimi nikiwa kwenye nyasi. Fulana za Mikono Safi zilikuwa zimekusanywa asubuhi. Wachezaji waliingia na jezi tupu. Kati ya kumi na mmoja, wanne waliinua mikono. Murhula aliinua ya kwake, na safari hii watu walitazama chini. Niliinua ya kwangu, nikaishusha nilipoona askari wanakuja. Ndiyo, Papa, niliishusha. Waliwachukua wale wanne wakati wa mapumziko, kwenye kile kijia cha kuelekea vyumba vya kuvalia. Tulisikia. Wewe pia ulisikia, maana niliona ukimwinamia mkurugenzi na kumwonyesha kitu upande wa pili wa uwanja.

Watatu walirudi baada ya siku tisa. Murhula alirudi baada ya wiki tano, goti lake la kushoto limegeuka upande. Hakucheza tena. Kiwandani nafasi yake ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Na Mwalimu Cirhuza? Alitoka mwanzoni mwa mvua zilizofuata, kwa sababu dada yake alikaa kila siku mbele ya ofisi moja baada ya nyingine na padri mzee akiwa kando yake, mpaka wakachoka kuwaona. Wiki ile ile kiwanda kikabandika picha mpya mjini: mikono miwili, na maneno “Mikono Safi Imeshinda”. Uliyaandika wewe. Niliyatambua kabla sijauliza.

Ndipo nilipokuambia mezani, “Papa, ulimpa Murhula parole yako.”

Hukuinua macho kutoka kwenye sahani. “Nilimpa neno ya kiwanda. Kiwanda kilibadilisha neno.”

“Ulisema parole yako. Nilikuwa pale.”

“Na masomo yako, ni nani alilipa? Hii nyumba, ni nani alijenga? Ni kiwanda, Nabintu. Mimi niko mutu wa kiwanda toka hujazaliwa. Ulifikiri niko mutu wa nani?”

Mama alitoka kwenda jikoni. Nilifikiri ulikuwa mtu wetu. Mkurugenzi hakunisaliti; kwake sikutarajia chochote, alikuwa anauza sabuni. Gavana vilevile. Wewe ulisimama na mikono juu na machozi ya kweli machoni. Ningeweza kuishi na baba mwoga, wako wengi mji huu, na mimi mwenyewe nimekiri woga wangu hapa. Kinachoniuma ni kwamba ulijua jambo lile ni jema, uliligusa, ulilia kwa ajili yake, halafu ukaliuza likiwa bado na joto. Na ulitumia mdomo wangu kulipatia jina, na vidole vyangu kulimaliza.

Niliacha kazi mwezi ule. Hukunizuia, ila adhuhuri ulikuwa ukimwambia dereva asimame mbele ya shule nilikopata kazi ya kuandika, kisha gari linakwenda zake. Nilikuwa naliona. Sikutoka hata mara moja.

Ulipougua, miaka mingi baadaye, nilirudi nyumbani kukuuguza, kwa sababu hilo ni jambo jingine. Nilikunywesha uji, nilikukata kucha. Siku moja mchana, mvua inapiga bati, uliniuliza, “Ule kepteni, anatembea aje sasa?” Nilisema, “Anatembea na fimbo, Papa. Anatengeneza baiskeli kule Mudaka.” Nikangoja. Nilingoja neno moja tu, hata nusu yake. Ukageukia ukuta, ukasema uji umepoa. Baada ya siku kumi na moja ulikufa.

Barua hii haikupaswa kusomwa na mji kabla ya wenyewe walioumizwa, hivyo juzi nilipanda gari mpaka Mudaka, nikamsomea Murhula kati ya magurudumu na grisi. Kuhusu kikombe alisema tu, “Bachezaji benye batacheza Jumapili balikuwa batoto wakati ile. Hawajui. Baambie.” Kisha akafunga kibanda chake, tukaenda pamoja Nyangezi kwa Mwalimu Cirhuza.

Mwalimu hawezi tena kukaa muda mrefu, alinisikiliza akiwa amelala upande kwenye mkeka. Nilipofika mahali pa majina saba nililazimika kuanza upya. Nilipomaliza akaniuliza, “Mashine ulipiga weye mwenyewe?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Sikuomba msamaha, maana niliona ningekuwa nampa kazi nyingine. Naye hakunipa msamaha. Dada yake alileta chai, wakaongea kidogo na Murhula habari za mihogo. Ndipo akanigeukia tena.

“Papa yako alikufa na mutu pembeni?”

“Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimemushika mukono.”

“Ni vizuri,” akasema. “Mimi kule ndani, njo kitu nilikuwa naogopa sana. Kufa bila mutu.” Akafumba macho, tukajua amechoka, tukatoka.

Papa, nimeandika haya bila kujua kama ninakushtaki au ninakulilia. Jumapili watampata mtu mwingine wa kukabidhi kile kikombe. Mjini hapa hawakosi. Barua hii nitaigawa mlangoni, mkononi mwa kila anayeingia, na wachezaji kwanza. Ukiniuliza kama nimeacha kuwa mtoto wako, hapana. Nilijaribu, nikashindwa. Kaburi lako nitaendelea kulipalilia mimi. Ila jina lako sitalisafisha.

Pumzika huko uliko, na mimi unipe nafasi ya kupumzika huku.

Binti yako mkubwa,
Nabintu