Maua Yamechanua, Mama Nowezile, Nasi Tuna Hasira

Mwaka umetimia, Mama Nowezile Madikane, tangu uinamie cherehani yako usiinuke tena. Watu wakiandika kumbukumbu husema marehemu alikuwa mpole, na kwamba wao wanamshukuru Mungu kwa yote. Upole wako tunaukiri. Kushukuru, bado.

Tuanze na yaliyo yako. Hapa Matatiele ilikuwa vigumu mtu kuolewa bila sindano yako. Septemba ikiingia, theluji ikianza kuyeyuka milimani, mji mzima ulihamia mlangoni kwako: mabibi harusi, akina mama wa kanisa, walimu wenye vitambaa vyao vya shweshwe vya kushonea mavazi ya asili ya Sikukuu ya Urithi, na kila mmoja alitaka nguo yake jana. Hukumfukuza mtu. Ulitoa pini mdomoni, ukamwambia akae, ukazirudisha.

Na bustani yako. Majirani walipanda na kung'oa kila mwaka hadi migongo ikawapinda. Wewe ulipanda maua ya kudumu, mara moja, ukaachana nayo: mayungiyungi meupe penye unyevu karibu na bomba, jeraniamu ukutani, na yale ya rangi ya chungwa yanayopenda kivuli, chini ya mpichi. Yalilala majira yote ya baridi, kisha yakaamka yenyewe wakati uleule ambao hukuwa na nafasi hata ya kujikuna. Wifi yako Nothemba alikutania: "Nowezile, hii si bustani, huu ni uvivu uliochanua."

Ukamjibu, "Wifi, haya ni wageni wenye adabu. Wanakuja wenyewe, wanajilisha wenyewe, na hakuna anayeniuliza gauni lake limefika wapi."

Kisha ulichukua chai yako, ukakaa kwenye kigoda katikati ya maua, na hapo hata askofu asingekuinua.

Septemba hii wateja walirudi, maana msiba wa mwenzio hauzuii harusi ya mtu. Binti yako Lindelwa, aliyeacha kazi Durban aje kumtunza baba yake, aliketi kwenye cherehani yako. Asubuhi moja aliinua macho, akaona nje ya dirisha kumechanua kote, kweupe na kwekundu. Hakuona uzuri. Aliona utovu wa adabu. Maua yamewezaje kuchanua kana kwamba hapa hakuna aliyekufa?

Lakini mtu ambaye Lindelwa alimkasirikia kuliko maua ni Mama Buyiswa, mke wa mwenye duka la mabati. Gauni ulilokuwa unalimalizia ulipoanguka lilikuwa la binti yake wa kwanza. Majirani walimsimulia Lindelwa kwamba siku ile gari la Mama Buyiswa lilinguruma langoni kwa muda mrefu, na sauti yake ikasikika hadi barabarani. Lindelwa akajumlisha mwenyewe. Mwaka mzima alimhesabu mwanamke yule kuwa ndiye aliyekuharakisha hadi kaburini.

Basi fikiria, Mama, alivyojisikia alipomwona Mama Buyiswa akiingia na ndoo na mkasi.

"Mwanangu, binti yetu mdogo anaolewa Jumamosi. Nimekuja kuomba mayungiyungi ya mezani. Mama yako hakuwahi kunikatalia."

"Ndiyo maana amekufa," Lindelwa akasema.

"Unasemaje?"

"Wa kwanza umemwoza kwa roho ya mama yangu, wa pili unataka kumpambia kwa maua yake! Siku ile gari lako lilikuwa linangurumia nini pale langoni? Ulishindwa kumwacha apumue? Toka! Toka kabla sijakumwagia maji ya pasi!"

Bibi harusi aliyekuwa anapimwa, mkono mmoja una nguo na mwingine hauna, aliganda kama sanamu. Mama Buyiswa aliondoka na ndoo yake tupu.

Mumeo Zolile alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Unajua hapendi maneno.

"Umemfukuza nani?"

"Unamjua, Baba."

"Lile gari lilikuja kumpeleka mama yako hospitali."

Lindelwa akaweka mkasi chini.

"Mimi nilimshika mkono huu, Buyiswa akamshika ule. Mguu umevimba, pumzi hana. Alitukemea kama watoto. Alisema Septemba si mwezi wa kuumwa, akimaliza pindo atakwenda mwenyewe. Buyiswa akapiga kelele: tupa hilo gauni, mwanangu ataolewa hata na sare ya shule! Mama yako akacheka, akakanyaga cherehani."

"Mwaka mzima, Baba! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na mtu wa kumchukia," alisema. "Nikaona heri huyo kuliko mama yako."

Hapo ndipo Lindelwa alipotoka nje akakupigia kelele, na majirani wote walisikia, kwa hiyo hatuoni sababu ya kuficha. Alikipiga kigoda chako teke. "Maua uliyaacha yajitunze, ukadhani na mwili ni hivyohivyo? Mwili si yungiyungi, Mama! Ukilala chini hauamki Septemba!" Alilia mpaka sauti ikakauka, akaketi palepale udongoni. Dirishani wateja walimwita; hakwenda. Ukuta ulikuwa na joto la jua, nyuki wanaingia na kutoka kwenye maua, na hakuna ua lililomtaka afanye lolote. Alikaa hivyo mpaka bibi harusi akajivua gauni mwenyewe, akaenda zake kwao.

Alasiri alimbebea Mama Buyiswa ndoo iliyojaa.

"Umekuja kunimalizia matusi?"

"Nimekuja na maua. Na samahani."

"Na hasira?"

"Nazo ninazo. Ila si zako tena."

Mama Buyiswa akamvuta ndani. Walilia pamoja, wakakusema vibaya, wakanywa chai.

Jioni ile baba yake alikohoa, kikohozi kilekile alichokuwa nacho tangu majira ya baridi. Lindelwa akamwambia aende kliniki. "Sikukuu ikipita," mumeo akajibu. Mama, ungemwona binti yako! Kulipokucha alifunika cherehani, akasimama mlangoni mbele ya walimu wako wote.

"Leo sishoni."

"Na sikukuu je, dada?"

"Vaeni za mwaka jana. Kama zinabana, kuleni kidogo."

Akampakia baba kwenye gari la Mama Buyiswa, mzee akilalamika njia nzima. Ni mapafu. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasema mengine. Ameanza dawa, anazitukana, na anazimeza.

Wewe pia ungeweza kupakiwa hivyo. Hilo ndilo linalotuunguza.

Wanaokulilia na kukulaumu ni mumeo Zolile, wanao Lindelwa na Mncedisi, wifi yako Nothemba, wajukuu zako, na Mama Buyiswa, ambaye tumemwomba awe wa nyumba hii. Umri wetu wote tutakukumbuka, Mama. Siku tukikusamehe, tutakuja kaburini kukuambia.