Gari-Nyumba Limetoka Uani

Vernon mume wangu,

Supu ya kuku iko kwenye friji, ipashe kwa moto mdogo. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Gari-nyumba letu, lile lenye vitanda na jiko ndani, nimeliondoa mimi. Asubuhi ulinifokea mbele ya binti yetu, ati kuliendesha kutoka hapa Nebraska mpaka pwani ya Oregon kwa dada yangu Arlene ni wazimu, mafuta ghali, bora nipande ndege. Halafu ukatoka, ukaliwasha kama kila Jumamosi, likanguruma palepale uani ili injini isife. Ukaingia ndani unanuka dizeli, umeridhika kama mtu aliyetoka safari!

Tangu tustaafu tunachoma mafuta bila kufika hata barabarani. Huo ndio wazimu, baba. Ulipokwenda kunyolewa, nikachukua ufunguo.

~~Nitarudi baada ya wiki mbili.~~ Nitarudi nikishakanyaga maji ya bahari. Usisahau dawa ya presha.

Nipo kituo cha mafuta cha barabara kuu mpaka saa sita mchana, najaza tangi. Usije kunibembeleza nirudi. Ukija, uje na begi. Kiti cha abiria ni chako. Cha dereva kina mwenyewe.

Mkeo