Shimo la Ming'oko Hufukiwa

"Mada ndogo ni ya akili ndogo."

Dada Eliza, shikamoo. Nimetanguliza maneno ya mtu mwingine kabla ya salamu, na najua ungenikemea, lakini yamenikaa kooni tangu Jumanne na siwezi kukusalimu vizuri kabla sijayatema. Aliyeyasema ni mwalimu wa taaluma wa shule anayosoma binti yako. Alimwambia Agnesi mbele ya darasa zima. Basi namjibu. Mada kubwa ndiyo kichaka cha asiye na la kusema. Mtu akiandika "Umuhimu wa Kilimo kwa Taifa Letu" anaweza kujaza kurasa nne bila kukanyaga shamba hata moja. Nimesoma insha za namna hiyo maisha yangu yote, na nyingine zimeandikwa na wazee wenye mvi.

Ngoja nikueleze lilivyoanza. Tangu tukuzike, Agnesi anakaa kwangu hapa Masasi. Hakuna aliyeuliza aende kwa nani. Mimi ndiye mjomba wake. Amerefuka. Anafunga kanga zako, na asubuhi akipita uani amenipa mgongo, huwa nina... Basi. Tuendelee.

Shule inapeleka insha moja kwenye mashindano ya wilaya, na Agnesi ndiye aliyechaguliwa kuiandika, kwa kuwa kila mtu anajua kalamu kairithi kwako. Likizo alikuwa Newala kwa Mama, akafuatana naye porini kuchimba ming'oko. Unakumbuka Mama anavyochimba. Haparui pori zima. Anatafuta kamba moja ya mmea iliyokauka juu ya kichaka, anaifuata kwa vidole mpaka inapoingia ardhini, na hapo ndipo anapopiga jembe. Anatoa mizizi, anaacha kichwa na shina lake vichipue tena, anarudishia udongo, kisha anaupapasa kwa kiganja. Siku tuliyokuzika aliupapasa udongo hivyohivyo. Nilishindwa kutazama.

Agnesi aliwaona wachimbaji wengine, wanaochimba ili wakauze stendi, wanang'oa kila kitu na kuacha mashimo wazi. Akarudi na mada yake: "Kwa nini bibi yangu hufukia shimo la ming'oko."

Mwalimu aliisoma akacheka. "Ming'oko? Unataka wilaya nzima ijue kwamba huku tunakula mizizi ya porini?" Akampa nyingine: "Mchango wa Mazingira Katika Maendeleo ya Taifa." Asipobadilisha ikifika Jumatatu, jina lake linakatwa na insha anapewa mwingine.

Unanijua, Dada. Nilivaa shati la kanisani nikaenda shuleni. Tulibishana ofisini mpaka mwalimu wa zamu akafunga dirisha. Nikamwambia, "Mwalimu, nikikutajia ming'oko ya moto, na chumvi, na pilipili, hayo mate unayoyameza ni ya taifa au ni yako?" Mwalimu wa zamu aliangua kicheko. Mwenyewe hakucheka. "Baba Yohana," akaniambia, "wewe umezoea kugombana na watu magazetini, ukichekwa unachekwa peke yako. Mimi nikipeleka insha ikachekwa, inachekwa shule." Hofu hiyo ni ya kweli, sikatai. Lakini dawa ya kuchekwa si kujificha nyuma ya neno Taifa.

Nilirudi nyumbani nawaka moto. Nikamwambia Agnesi asibadilishe, bali aongeze! Aandike mapori yanayofyekwa ili ipandwe mikorosho, aandike bei, aandike wanunuzi, aandike viongozi wanaokuja kipindi cha kura. Nilizunguka sebuleni nikihutubia kama niko jukwaani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Mjomba, hiyo ni insha yako. Mimi nataka shimo tu."

Nikaketi. Nilikusikia wewe humo. Nilipokuwa sekondari nilikuletea insha yangu ya ukombozi wa Afrika, nikisubiri sifa, ukanirudishia ukisema, "Umeiandika Afrika nzima, mdogo wangu, lakini sijaona mtu hata mmoja anayeishi humo." Ukanipa kipimo chako: mada usiyoweza kuinyooshea kidole, iache. "Nionyeshe kwa kidole," ulikuwa ukiwaambia wanafunzi wako, nao wakicheka, wakinyoosha vidole dirishani: tangi lile la maji, mkorosho ule wa mpakani, yule mama muuza maandazi. Wakitoka hapo waliandika. Huwezi kuwa na hasira na "mazingira". Huwezi kuyapenda pia. Ila shimo lililoachwa wazi, hilo utalikasirikia, na ukilikasirikia utauliza aliyelichimba ni nani, na kwa nini ana haraka hivyo.

Sasa situlii. Nakaa, nainuka, naenda mpaka mlangoni pake, namkuta kainama anaandika, narudi. Jana nilimsikia akimpigia Mama simu. "Bibi, ukilifukia, mwakani utarudi wewe kulichimba?" Mama akamjibu kwa sauti ile yake ya kugomba, "Kwani mwenye mdomo ni mimi peke yangu?" Agnesi ameifanya hiyo kuwa sentensi yake ya mwisho. Nimemsihi asiongeze neno baada yake.

Kesho Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi lako hapo Lupaso. Walimu wenzako watakuja, na huyo mwalimu wa taaluma yumo. Nimepewa nafasi ya kusema neno la familia, na neno lenyewe ni barua hii. Nitaisoma yote, hata pale sauti itakapokatika.

Pumzika, Dada. Mwanao yuko mikononi mwangu, na nakuahidi kwamba hatalazimishwa kuandika asichoweza kukinyooshea kidole, wala na shule, wala na mimi.

Nanyi walimu mliozunguka kaburi hili, mliokula vumbi la chaki pamoja na dada yangu, na wewe mwalimu wa taaluma hasa: Jumatatu, kabla hujakata jina, isome insha ya Agnesi mpaka sentensi ya mwisho. Kisha mwite, mwambie akuonyeshe kwa kidole. Akishindwa, kata. Asiposhindwa, ipeleke wilayani na shimo lake lilelile.