Kidimbwi Chako Kimegeuka Kijani

Baba,

Maji yamegeuka kijani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloweza kulisema. Kuhusu mengine, watu wakiniuliza nawajibu "tuko sawa," kisha naenda kutafuta kazi ya mikono.

Yalianza wiki ile ya matanga. Unajua hapa Kalama kukiwa na msiba: kina mama walihamia kwetu na masufuria yao, wakapika, wakaosha, wakapika tena. Vyombo waliviosha pale mteremkoni, juu ya mayungiyungi yako, kwa sababu pana kivuli. Maji ya sabuni na mabaki ya mahindi ya muthokoi yakateremka moja kwa moja hadi kidimbwini. Wengine waliwatupia samaki wali, wakisema maskini, nao wamefiwa. Kufikia siku tuliyokuzika, mwani ulikuwa umefunika maji yote na harufu imefika sebuleni.

Baba mdogo aliangalia, akashika pua. Akasema kuna udongo uliobaki mafundi walipomaliza kujengea kaburi lako, unatosha kabisa kufukia shimo hili. Mama akamwambia, "Kama bado inanuka mwezi ukiisha, fukia. Hiyo shimo inazaa mbu tu." Nilisikia, Baba, na sikuhisi kitu. Udongo wa kaburi lako juu ya samaki wako. Niliwaza tu kwamba gurudumu la wilbaro lina pancha.

Lakini asubuhi miguu ilinipeleka kule yenyewe. Nilivunja kijiti chenye panda, nikakizungusha majini jinsi ulivyokuwa ukifanya. Mwani ukajisokota kama uzi wa sweta, nikaubeba hadi kwenye migomba. Nikatundika gunia upande wa jua, maji yapate kivuli. Kesho yake kijani kilikuwa kimerudi. Jirani akanishauri nimwage dawa ya kunyunyizia kahawa. Nilikataa, maana nilikumbuka ulivyozoea kusema: "Mwani hauuawi, unanyimwa chakula."

Chakula chenyewe nilikijua. Kina mama walikuwa bado wanakuja kila jioni kukaa na Mama, na bado wanaosha masufuria palepale. Ningewaambiaje waache? Mtu amekuja kukupikia kwa sababu huwezi kusimama jikoni, nawe umwambie maji yake yanachafua kidimbwi cha mapambo! Ulipokichimba baada ya mvua ya El Nino, Kalama nzima ilicheka: Mkamba gani huyu anaweka maji ya kuangalia? Ukacheka nao, ukaendelea kuchimba.

Siku nyingi niliwapita nikiendelea kuzoa mwani. Mwishowe nilimwambia mmoja wao, Mama Nduku, macho yangu chini. Alishika mdomo. "Ai, mwiitu wakwa, binti yangu, si ungesema tu siku ya kwanza? Sisi tungejua aje?" Akahamishia masufuria yote nyuma ya jiko, na kesho yake akaja na jembe tukachimba mtaro wa kuyapitisha maji machafu mbali.

Ilichukua muda. Maji yalitoka kuwa supu ya mboga yakawa kama chai ya rangi. Mwezi ukikaribia kwisha, nilikuwa nimechuchumaa pale nikamwona samaki wako mkubwa, yule mwenye pezi lililokatika, ametulia chini kabisa, mzima. Nikageukia nyumba nikaita kwa sauti, "Baba! Njoo uone!"

Mama akatokea mlangoni. Tukatazamana.

Hapo ndipo nilipojua umekufa. Nilikuwa nimekuona kwenye jeneza, nimetupa udongo, nimeimba na kwaya, na bado sikuwa nimejua. Nilikaa kwenye matope nikalia mpaka kikohozi kikanishika. Mama akaja akakaa kando yangu, na leso yake nzuri ya kanisani ikilowa.

Baba mdogo alipokuja na wilbaro imejaa udongo, Mama alimwonyesha migomba. "Peleka huko," alisema, akarudi ndani.

Sijui bado nitafanya nini na kiti chako, wala na simu yako ambayo watu wanaendelea kupiga. Siku nyingi bado niko kama mtu aliyeamka usingizini vibaya. Pumzika, Baba. Nakuahidi kidimbwi hakitafukiwa nikiwa hai. Na nikisahau tena nikakuita uje uone, sitaona aibu.

Binti yako,
Mumbua