Mitutu ya Pili

Igogo, Jumanne

Nusu ya bei! Nilidhani bunduki yangu ya Kiingereza ingeuzwa vizuri, maana bado inapiga sawasawa. Mnunuzi kutoka Musoma, mwenye kibali chake, alilinganisha namba za mitutu na za chuma cha kitako, akaona hazifanani, akacheka.

"Mzee, hii imeoa mke wa pili. Wanaopenda bunduki za zamani wanataka mitutu iliyozaliwa nayo."

Ni kweli. Mitutu ya kwanza ilipasuka, ikang'oa vidole vya marehemu kaka yangu.

"Nusu?" mwanangu Bwire akafoka. "Baba, bora ibaki. Ukifa ni yangu."

Jana Bwire alimpasua kichwa mdogo wake Lukasi kwa kitako cha bunduki hiyo, kisha akamwelekezea mitutu. Wanagombea shamba langu ambalo kesho laweza kuingizwa kijiji cha ujamaa, na mimi bado napumua. Naungama, Mungu wangu: ningekuwa na nguvu ya kuinyakua, ningempiga risasi mwanangu.

"Ichukue," nikamwambia mnunuzi.

Alipoondoka nayo, Bwire alinisukuma ukutani hata jino likatoka. Mdomo bado unavuja damu. Lakini Lukasi amelala bila kuegemeza kabati mlangoni.