Kipande Kilichotoka Kwenye Pikapu Yako

Baba,

Nimeikata pikapu. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliulizia kwanza, kabla hata ya kuuliza kama Mama anakula.

Anakula. Tulihama Bertrams, siku hizi tuko Troyeville, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mzulu. Pikapu iliingia uani, lakini mkia ukabaki nje na geti likakataa kufunga. Mwenye nyumba alivumilia, kisha akaniita pembeni na kuniambia kwa upole kwamba geti wazi ni kuwakaribisha wezi. Kuilaza barabarani nako, unaujua mji huu. Mama akasema, "Uikate ao tuiuzishe." Kuiuza sikuweza hata kufikiria.

Pale karakanani Doornfontein tuliwafupishia watu pikapu nyingi, wewe na mimi. Yako tu hukutaka iguswe. Nilikutania kwamba unaendesha basi lisilo na abiria, nawe ukacheka, ukasema siku ya kurudi kwetu Kalemie kitanda, makabati, mashine ya kuchomelea na Mama vitaingia vyote kwa safari moja. Mama ulimtaja mwisho kila mara, naye akaguna kila mara. Najuta, Baba. Nilikuwa na maneno mengi ya utani kuhusu safari hiyo, na sikuwahi hata mara moja kukuuliza tungepitia njia gani.

Kwa hiyo niliposhika grenda nilijua ninakata nini. Nilitoa betri kwanza, kama ulivyonifundisha. Nilipima nyuma ya madigadi ili magurudumu yabaki mahali pake, nikatoa kipande kizima cha bodi, nikapunguza chesisi, kisha nikausogeza mwisho wenye mlango hadi ukakutana na mbele. Mpaka hapo ungejivunia.

Halafu nikaanza kuchomelea. Zamani ulisimama nyuma yangu ukiniambia: "Pole pole, mama. Usikimbize moto." Unaweka tone hapa, unaruka, unaweka tone kule, unaacha bati lipoe hata kama mteja amenuna. Siku hiyo nyuma yangu hapakuwa na mtu. Machozi yalinijaa ndani ya kofia ya kuchomelea, na humo huwezi kuyafuta. Nilitaka tu iishe. Nikavuta mshono mmoja kutoka ukingo hadi ukingo bila kupumzika, na bati likajikunja. Sasa mvua ikinyesha maji yanasimama pale katikati. Nayafagia asubuhi, majirani wakinitazama, na naona aibu kama vile wewe ndiye unayetazama.

Geti linafunga. Mwenye nyumba amefurahi, mimi sijafurahi. Tulikuzika huku kwa sababu hatukuwa na jinsi, na sasa gari ulilolitunza kwa ajili ya kurudi nimelifupisha kwa mikono yangu. Bibi bado anauliza kwenye simu atamlilia mwanawe wapi. Namwambia mtandao mbaya.

Kile kipande nilikiegemeza ukutani. Wakusanya vyuma chakavu walikipigia hodi, nikawafukuza kwa ukali ambao haukuwa haki yao. Mama alikuwa akianika nguo mbele yake na kukitazama. Jumapili moja, baada ya kutoka kanisani, alikipangusa vumbi kwa kanga yake.

"Hii tumupelekee mama yake," akasema. "Ufanye musalaba."

Nimekubali, Baba. Nitautengeneza kwa bati hilo, nao utasimama Kalemie kando ya kaburi la Babu, Bibi apate pa kukaa na kukulilia. Lakini kwanza nitaukata ule mshono wangu mbaya na kuurudia, maana siwezi kufika kwenu na bodi iliyojikunja, watasema hukunifundisha kitu. Tutakwenda na pikapu yako hiyo hiyo, mimi kwenye usukani, Mama pembeni yangu. Kitanda na makabati hayataingia. Njia nimeanza kuwauliza madereva.

Jina lako nitaliandika kwa moto, tone kwa tone, na kila herufi nitaiacha ipoe kabla ya kuanza nyingine. Mama akiniharakisha nitamwambia anyamaze.

Pumzika, Baba. Safari hii moto sitaukimbiza.

Binti yako,
Furaha