Kadi Sitini na Moja za Mrushaji Wako

Baba Nasra,

Dada yako alikuja Jumatatu kudai sanduku la kadi. Hakukubali hata kikombe cha kahawa. Alisimama pale sebuleni akasema, "Mimi nimetumwa tu, wifi. Nnaomba usinitie kati." Nikamuuliza kama umeulizia kitu kingine chochote: picha za harusi, kanzu zako za Idi, hata hali ya mwanao. Akatikisa kichwa. Kumbe umeulizia sanduku tu. Nikamwambia arudi Ijumaa, nna kazi nalo kidogo.

Umenijua miaka ishirini na sita. Nadhani uliogopa ulipoletewa jibu hilo, na ulikuwa na haki ya kuogopa.

Unakumbuka siku uliponionesha kadi hizo mara ya kwanza? Harusi yetu haijatimiza wiki. Ulizitandaza kitandani, vikadi vya zamani vya mchezaji mmoja wa beziboli wa Kimarekani, yeye peke yake, kila mwaka na sura yake na masharubu yake. Ulimwona kwa macho yako ulipokuwa mwanafunzi huko. Ulinieleza kwamba mrushaji ndiye anayemtupia mpira mwenye gongo, na huyu alikuwa wa akiba, anakaa benchi mchezo mzima, anaitwa wenzake wakishaelemewa. Na wakati warushaji wengine wanapitisha mkono juu ya bega, yeye anainama mpaka vidole nusura vikwaruze mchanga, mpira unatokea chini. Ukasimama kunionesha, ukainama, ukazungusha mkono, ukavunja chetezo changu cha udi. Tulicheka mpaka baba, Mungu amrehemu, akagonga ukuta.

"Walikuwa wakimcheka," ukaniambia. "Lakini wakishika gongo wampige, hawaupati mpira wake."

Siku zile kazini kwako Rusayl Waarabu wa huku walikuwa wakikucheka Kiarabu chako, Kiarabu cha watu waliotoka Unguja. Ulikuwa ukirudi jioni huna hamu ya kula. Nikaelewa kwa nini unampenda mtu yule, na mimi nikampenda kwa ajili yako.

Nikaingia katika msako wa kadi ulizokuwa bado huna. Wewe mvivu wa kuandika, barua zote kwa wale wazee wa Kimarekani wenye kadi niliziandika mimi, kwa jina langu, kwa Kiingereza changu cha shule. Bahasha ikifika, uliifuata posta mwenyewe. Hukumtuma dereva, hukunituma mimi. Ulikuwa ukiibeba kama ulivyombeba Nasra tulipotoka naye hospitali.

Halafu nikakosa. Mwaka wa pili wa ndoa nilichukua kadi tatu nikazipeleka duka la fotokopi zikatiwe plastiki ya moto. Kwetu karatasi yenye thamani hutiwa plastiki. Mama alitia vyeti vyetu vya kuzaliwa, vyeti vya shule, hata cheti chake cha ndoa, kwa sababu alihama Unguja na karatasi chache na aliapa hazitapotea. Sikujua kwamba kwa watu wa kadi, plastiki ikishaganda haibanduki, na kadi imekufa, haina bei tena. Nilikuwa nakutunzia. Ulininunia siku nne, nikakuomba radhi, ukasema yamekwisha.

Hayakwisha. Kila Idi, majlisi imejaa wanaume, mimi nimesimama mlangoni na sinia la halwa, utasikia: "Muulizeni mke wangu habari ya plastiki!" Wanacheka, na wewe unawaongoza. Nami nikicheka. Miaka ishirini na nne nimecheka huku nimeuma meno, na hukuwahi kuwaambia kwamba nusu ya sanduku lile imepatikana kwa mkono wangu.

Kisha ukahamia Mabela, kwenye nyumba mpya na mke mpya, na talaka ukaniletea kwa simu. Ujumbe wa mistari mitatu. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Mtu ambaye bahasha ya kadi aliifuata mwenyewe, mke alimwacha kwa kidole gumba! Nikakuandikia kukuuliza kosa langu. Tiki mbili zikageuka buluu. Nikakuandikia tena, nikakaa eda yangu yote nikiitazama simu ile, na hukunijibu hata neno. Nakuchukia kwa kimya kile kuliko ninavyokuchukia kwa talaka yenyewe.

Basi Jumatano nimekwenda na sanduku lako duka la fotokopi. Malabari, yule Mhindi mwenye duka, akalifungua, akaniuliza, "Zote, mama?"

"Zote," nikamwambia.

Mashine ikazimeza moja moja na kuzitema upande wa pili, zinang'aa, zina moto. Nilidhani nitalia. Wallahi sikulia, roho yangu ilisuuzika. Nikamwambia azitoboe pembeni, kila moja tundu lake, kama kitambulisho cha kuvaa shingoni. Akazitoboa. Kadi zako zote sitini na moja, pamoja na zile tatu za zamani, sasa ni sawasawa. Haziingii maji, haziliwi na mchwa. Waoneshe wageni wako.

Dada yako amekaa sebuleni nikiandika haya. Sanduku atakuletea yeye.

Lakini kuna jambo yeye halijui. Nikiwa edani ilifika bahasha kwa jina langu. Mzee mmoja niliyemwandikia tangu Nasra anatambaa amenikumbuka. Ndani mna kadi ya kwanza kabisa ya mrushaji wako, ya mwaka ule alipokuwa bado anarusha mkono juu kama watu wote. Ile uliyosema utakufa hujaiona. Haina mkunjo wala doa, na plastiki haijaigusa.

Ukiitaka, njoo mwenyewe, Ijumaa ijayo baada ya alasiri. Mama atakuwepo na kaka zangu watakuwepo. Utapiga hodi, utaitamka kwa mdomo wako talaka uliyoiandika, na utaniambia kosa langu mbele yao. Kisha utaiomba kadi.

Sikuahidi kama nitakupa. Sijaamua, na sina haraka ya kuamua. Ninachotaka ni kukuona umesimama mlangoni, umeshauliza, na unangoja jibu langu.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Nasra